Maneno ya Mzee Pyo

Guangzhou, 3 Novemba 2024

Mwanangu Loyce,

Majivu niliyokwambia nimeyamwaga mtoni hayakuwahi kuwapo. Pyo hakuchomwa moto. Amezikwa hapahapa Guangzhou, katika makaburi ya Waislamu, kwa jina la Yusuf, na mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Jambo hili nimewaficha watu wa kwao tangu mwaka 2001, na wewe nimekuficha kwa barua mbili nzima ingawa uliniuliza kwa adabu.

Nakwambia sasa kwa sababu daktari amemwambia binti yangu Swalha maneno ambayo Swalha hakuniambia. Alitoka chumbani kwa daktari akaanza kuisifia supu ya hospitali. Mtu akisifia supu ile, mgonjwa anaelewa. Moyo wangu umechoka na miguu imejaa maji.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu Xiaobei mara ya kwanza? Ulikuwa mwanafunzi wa lugha ya Kichina, mwembamba, una njaa. Ulikula biriani ya Swalha sahani mbili, ukasimama mbele ya picha ukutani ukauliza, "Babu, huyu Mchina uliyemkumbatia ni nani?" Nikasema si Mchina, ni Mkorea, rafiki yangu, na zamani alikuwa mwigizaji wa filamu. Ukacheka. Sikukulaumu. Hata mimi sikumwamini kwa miaka. Nilikuwa nikimuuliza, "Haya, katika filamu hizo ulikuwa nani?" Ananijibu, "Mbeba mizigo. Mwenye nyumba ya wageni. Jirani anayekuja kuleta habari ya msiba." Sasa uko Seoul, unasomea filamu zilezile zilizotengenezwa baada ya vita, umemwona mbeba mizigo huyo akipita na sanduku la bibi harusi, ukamtambua kwa picha ya ukutani kwetu. Na umempata binti yake. Nilikuwa nikimwomba Mungu usimpate.

Nikueleze tulivyojuana. Ilikuwa Shiling, kwenye karakana ya mikoba, miaka ya tisini katikati. Mimi niliacha ualimu Unguja nikaja huku kuwatafsiria wafanyabiashara wetu, kwa Kichina nilichokisoma Beijing ujanani. Siku hiyo nilikuwa na Bi Shifa wa Darajani, Mungu amrehemu. Aliushika mkoba, akauvuta, mshono ukamwachia mkononi. Akasema, "Mwalimu, mwambie huyu laoban huu mkoba akambebeshe mama yake, na hiyo bei aifunge kilemba." Nikamgeukia laoban, tajiri wa karakana, nikasema kwa Kichina, "Bibi ameupenda mkoba. Anaomba mshono ukazwe kidogo na bei itazamwe." Laoban akatabasamu, akaagiza chai.

Meza ya pili palikuwa na mzee mrefu akiwatafsiria wanunuzi wa Kikorea. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia, "Yule mama hakusema hivyo. Nimemwona mdomo."

Nikamwambia, "Kazi yangu mikoba iuzwe, si watu watiane ngumi."

Huyo ndiye Pyo. Tangu siku ile tulipanda basi moja kwenda Shiling, vizee viwili vya kukodi midomo, na Ramadhani alikuwa akija kwangu kula futari kuliko mimi niliyefunga.

Aliugua ini. Mwishoni alisilimu, ndiyo maana akazikwa kwetu. Mwambie binti yake kwamba yuko pahala safi, panafagiliwa, na hajawahi kukosa wa kumzuru. Usinijibu kwa simu. Simu yangu anaishika Swalha, na yeye hajui kwamba yule Mkorea ana mtoto. Tumia posta.

Mwadini

*

Seoul, 15 Novemba 2024

Shikamoo Babu,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za bweni. Sitaficha: nilikasirika. Nilishamwambia Bibi Myong-hui kwamba baba yake alimwagwa mtoni, akaenda baharini kwao Gunsan akatupa maua akiamini maji ni yaleyale. Mama wa umri wake. Ilibidi nipande treni nikamwambie upya.

Alinipokea vizuri. Ni mfamasia mstaafu, hana maneno mengi. Nilipomaliza kumweleza alichukua pea akaanza kuimenya, akaikata vipande, akanisogezea sahani. Kisha akaniuliza, "Mwislamu? Baba yangu?" Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akasema nikuandikie hivi, na ninatafsiri kadiri ninavyoweza:

"Baba aliondoka mwaka 1958 kwenda Hong Kong kucheza sehemu ndogo katika filamu ya ushirika wa nchi mbili, mimi nikiwa mchanga. Hakurudi. Mama hakuolewa tena. Alipokufa aliagiza kaburi lake lichimbwe upande mmoja, upande wa pili uachwe kwa ajili ya baba. Mimi nilimwona mjinga. Sasa ni zamu yangu kuamua. Kama baba alichagua mwenyewe kulala huko, kwa dini hiyo na jina hilo, sitamgusa. Nitakuja, nitainama, nitarudi. Kama hakuchagua, nataka nimlete kwa mama."

Babu, nimeshapiga simu makaburini. Wamesema si mtu yeyote tu anayeweza kuja kudai maiti. Kaburi la Yusuf linafunguliwa kwa kibali cha ndugu aliyesaini mazishi tu, na ndugu huyo ni wewe. Kwa hiyo kila kitu kiko kwako, na nasikitika kukutupia mzigo huu ukiwa kitandani.

Kuna na jingine. Unajua kwamba hatujawahi kuisikia sauti yake? Filamu za wakati ule zilipigwa bila sauti. Mwigizaji alichezesha midomo mbele ya kamera, halafu watu wengine wakakaa studio kumtilia maneno. Waigizaji wakubwa walitafutiwa sauti nzuri. Wadogo kama yeye walitiliwa na yeyote aliyekuwapo. Iko filamu moja anagombana sokoni na muuza samaki, na wote wawili wana sauti ya mtu mmoja! Nilimwonyesha Bibi Myong-hui, tukacheka, halafu yeye akaacha kucheka. Ameziangalia zote nilizozipata na hakuna hata neno moja ambalo ni la baba yake.

Anauliza maswali matatu. Sauti yake ilikuwaje? Alijua mimi niko wapi? Na alichagua mwenyewe?

Loyce

*

Guangzhou, 27 Novemba 2024

Mwanangu Loyce,

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko mwili wake. Ukimsikia kwenye simu utadhani ni mwanamke aliyepata mafua. Kikorea chake kilikuwa cha Manchuria alikokulia, ndiyo maana huko Seoul walimdharau na hawakumruhusu aseme. Aliniambia siku ya kwanza ya kazi mwongozaji wa filamu alimsikia akisalimia, akasema, "Huyu uso tu." Alikuwa akisimulia hivyo kwa kucheka, lakini alikuwa akisimulia mara nyingi mno.

Kwa nini hakurudi? Filamu ya Hong Kong haikumalizika, tajiri alikimbia. Pyo aliona aibu kurudi mikono mitupu. Mwaka wa kwanza aibu ilikuwa ndogo, angeweza kurudi nayo. Alingoja ipungue, kumbe inakua. Mimi namwelewa. Nami niliondoka Unguja nikisema naenda kwa miezi sita.

Swali la pili: hakujua binti yake yuko wapi. Alidhani pengine wamehama. Mwambie angejua asingenyamaza.

Swali la tatu. Alikuwa hospitali, wiki ya mwisho, hana mtu ila sisi. Hospitali ilikuwa ikiuliza ndugu ni nani, maana mtu akifa hapa bila ndugu, anapelekwa kuchomwa. Wewe ni Mkristo, nawe kwenu mnazika, kwa hiyo utanifahamu. Sisi kwetu moto ni adhabu. Nilikuwa nikikaa pembeni ya kitanda nikiitazama mikono yake, mikono iliyonimegea mkate, nikifikiria tanuri. Sikuweza. Nilimweleza dini, kwa Kichina, kwa upole, siku nyingi. Alisikiliza. Wenzangu wa msikitini, Hafidh na Jaffari, walikuwapo siku ya mwisho. Aliitamka shahada mbele yetu. Tulimwosha wenyewe, tukamvika sanda, na baada ya sala ya Ijumaa watu walimsalia safu kwa safu, watu ambao hawakumjua, wengi kuliko wapita njia wa Seoul waliopata kumtazama.

Kwa hiyo alichagua. Muombe binti yake amwache alale. Mimi nami sina siku nyingi, na Swalha amekwishazungumza na wasimamizi wa makaburi ili nilazwe karibu naye.

Mwadini

*

Guangzhou, 9 Desemba 2024

Loyce mdogo wangu,

Salamu sana. Ni mimi dada yako Swalha. Usishangae kuona mwandiko wangu, barua yako ilianguka kutoka kwenye mto wa baba nilipokuwa nikitandika. Nimeisoma, na wala siombi radhi, maana kila ikija bahasha ya Korea baba hali siku mbili.

Sasa sikiliza. Mimi nakupenda, ulikula kwangu, ulilala kwangu, ulinisaidia kupakia suruali za Xintang zile siku wafanyakazi walipogoma. Lakini hili la kumfukua mtu, hapana. Mwislamu hafukuliwi kwa kuwa mtoto amekumbuka leo. Mama huyo namwonea huruma, hata sikujua kama yupo. Aje, nitampokea mwenyewe uwanja wa ndege, nitampikia, nitampeleka kaburini. Lakini baba yake mwacheni.

Huenda hujui jambo hili lina maana gani kwetu. Baba yangu hakujenga ghorofa. Wenzake wote waliotafsiri naye wana majumba Fuoni, yeye ana picha ukutani. Lakini kuna kitu kimoja kila mtu anakijua, kuanzia Xiaobei mpaka Kariakoo: Mwalimu Mwadini ndiye aliyemsilimisha Mkorea. Amu Hafidh ameisimulia misikitini mpaka vijana wanaijua kwa moyo. Na mimi nilipokuwa sina mtaji, watu walinikopesha mzigo kwa sababu mimi ni binti wa huyo.

Jana nilimpigia amu Hafidh Dar kumweleza huo uchokozi wenu. Akapandwa na hasira. "Waambie mimi shahidi! Nilisimama pale pale!" Akanisimulia tena yote, nikaweka simu sauti kubwa baba asikie, nikidhani atafurahi. Amu anasema Mkorea alifumbua macho akasema maneno marefu, marefu, kwa Kichina, kama mtu anayetoa wasia, amemshika baba shati. Na baba akawatafsiria palepale kwamba anashahadia. Amu akalia, Jaffari akalia. Mimi nikalia tena na kontena langu limekwama bandarini Nansha, sina hata nafasi ya kulia!

Baba akageukia ukutani. Akasema nizime simu.

Basi mdogo wangu, ukinipenda, mwandikie kwa upole, umwambie yamekwisha.

Dada yako,
Swalha

*

Seoul, 19 Desemba 2024

Shikamoo Babu,

Dada Swalha ameniomba nikuandikie kwamba yamekwisha. Nimejaribu, nimechana karatasi.

Mimi nimekulia Kemondo, nyumba yetu ya Walutheri katikati ya nyumba mbili za Waislamu. Shahada naijua. Ni fupi, na husemwa kwa Kiarabu. Amu Hafidh asiyejua Kichina angeielewa bila mkalimani. Yeye anasema alisikia maneno marefu kwa Kichina, nawe ukayatafsiri.

Sijamwambia mtu. Bibi Myong-hui nilimpelekea barua yako ya tarehe 27 kama ilivyo. Alifurahi kuhusu sauti nyembamba. Alisema hata yeye, kwenye simu za dukani, watu walikuwa wakimdhania mtoto. Kisha akasema amekubali: kama baba alichagua, basi. Ameanza kuuliza tiketi ya kuja kuinama mara moja, na amemwambia fundi wa makaburi aje aufunge ule upande wa mama ulioachwa wazi. Fundi anakuja baada ya mwaka mpya.

Babu, mimi si hakimu. Ningekuwa na bibi yangu kwenye kitanda kile, pengine ningefanya hayohayo au mabaya zaidi. Lakini wewe ndiye mtu pekee duniani aliyesikia. Alisema nini?

Wako,
Loyce

*

Guangzhou, 30 Desemba 2024

Mwanangu Loyce,

Mwandiko huu ni wa Swalha. Mkono wangu hauwezi tena kuandika zaidi ya sahihi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asikaze mshono, asipunguze bei. Ameweka kalamu chini mara mbili na mara ya pili alitoka nje akakaa muda. Amerudi. Kwa hiyo utakayoyasoma yeye ameyasikia kwanza.

Kibali kimo humu ndani. Nimekisaini na muuguzi ameshuhudia. Mwambie mama yule amzuie fundi.

Pyo hakusilimu. Nilimweleza dini, hiyo ni kweli, na alisikiliza, hiyo pia ni kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na hakuwa na pa kwenda. Siku moja nilipomaliza aliniambia, "Mwadini, maneno yako ni mazuri. Unayatafsiri kutoka kwa nani?" Nikakasirika nikaenda zangu nyumbani. Siku iliyofuata sikwenda kumwona, nikijifanya nina wateja.

Nilikuandikia kwamba niliogopa moto. Sikusema uongo, lakini nilisema nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa mikoba. Nilisoma kuliko wote waliokuwa wakinilipa, na kazi yangu ilikuwa kuwasuluhisha Bi Shifa na laoban juu ya zipu. Hafidh na Jaffari walikuwa wakija hospitali kila jioni na kuniuliza mlangoni, "Vipi Mwalimu, bado?" Walikuwa wakinitazama kwa namna ambayo hakuna aliyepata kunitazama. Nikawa nawajibu, "Karibu." Karibu, karibu. Nilishauza mzigo ambao haujashonwa.

Na nusu nyingine tena, kama nusu zaweza kuwa tatu. Nilitaka mtu wa kumzuru. Mke wangu amezikwa Unguja, wazazi wangu Unguja. Mjini humu nilikuwa napita tu. Tangu tumzike Pyo nimekuwa na pa kwenda Ijumaa. Nilimsomea, nikamsimulia bei za Shiling, nikamlalamikia Swalha. Nilimfanya wangu. Alikuwa na mtoto, na mimi nikakaa kwenye nafasi ya mtoto, nikamfungia mlango mwenyewe.

Maana alijua. Nilikwambia hakujua, na ulimwambia mama yule, na namwomba radhi kwa hilo kuliko yote. Mnunuzi mmoja wa Kikorea aliyekuja Shiling alikuwa mtu wa Gunsan, akamletea habari kwamba binti amesoma, ana kazi, jina lake halikubadilika. Pyo alinunua koti kwa ajili ya kwenda. Alilivaa siku ya Idi kwangu tulione. Kila mwaka alisema ni mwakani, na mimi nilikuwa nikimwambia, "Nenda ukipata nguvu," nikijua mtu wa aina yetu hapati nguvu hizo asiposukumwa. Sikumsukuma. Nani angekula futari na mimi?

Hafidh nitamwomba radhi mwenyewe nikiweza kushika simu. Alisalisha kwa imani, na waliosali nyuma yake walisali kwa imani. Dhambi si yao. Swalha anauliza atawaambia nini watu. Nimemwambia awaambie ninavyosema hapa. Amenijibu, "Baba, wewe unakwenda, mimi ndiye ninayebaki na maduka." Ana haki.

Sasa maneno yenyewe.

Ilikuwa baada ya alasiri. Hafidh alisimama miguuni, Jaffari mlangoni, mimi nimekaa kwenye kiti kichwani kwake. Tulidhani amelala. Akafumbua macho, akanishika shati hapa kifuani. Sauti yake ilikuwa ileile nyembamba, lakini haikuyumba. Alisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayejua kwamba aliye mbele yake ni mkalimani na hataki akosee. Alisema hivi:

"Mwadini, nikifa wanichome, usiwazuie. Kisha mpigie Myong-hui. Yuko Gunsan, duka la dawa mbele ya stesheni. Mwambie aje anichukue anilaze kwa mama yake. Mwambie koti nilinunua."

Alirudia Gunsan, akaniuliza kama nimesikia. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilikuwa nimesikia, na nilimwelewa neno kwa neno.

Hafidh akaniuliza, "Mwalimu, anasema nini?"

Nikamwambia, "Anashahadia."

Mwadini